Kutungulia ndege ukiwa Mpanda

Wengi wanaoanza kucheza War Thunder hulidharau gari la kutungulia ndege. Wenzao wana vifaru vyenye deraya nene, wao wamepewa lori lenye bunduki kwenye bodi. Hawamalizi dakika mbili uwanjani, rashasha ya adui inawafagia. Wanabadili gari, na hapo ndipo ndege inapoingia na kuwachukua wenzao mmoja baada ya mwingine bila mtu wa kuinua macho. Makala hii ni ya mchezaji wa namna hiyo, hasa aliyeko Mpanda, Nsimbo, Inyonga au Karema, mkoani Katavi, ambako mtandao na umeme ni sehemu ya mchezo kama yalivyo magari yenyewe.

Kwa asiyeufahamu: War Thunder ni gemu ya vita ya mtandaoni inayotengenezwa na kampuni ya Gaijin Entertainment, yenye makao Budapest, Hungaria. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2012 ikiwa na ndege tu, vifaru vikaongezwa 2014, na toleo rasmi likatoka Desemba 2016. Kuicheza ni bure. Iko kwenye kompyuta, PlayStation na Xbox, na ipo nyingine ya simu iitwayo War Thunder Mobile. Kinachoitofautisha na gemu nyingine za vifaru ni kwamba kwenye pambano moja huyu anaendesha kifaru na yule yuko hewani na mabomu, wote binadamu, kila mmoja nyumbani kwake. Ndiyo maana gari la kutungulia ndege lina kazi ya kweli humo.

Tuanze na yale yanayomaliza mchezaji kabla hata pambano halijaanza. Gemu yenyewe ni makumi ya gigabaiti. Kuishusha kwa bando la mchana ni kujitia hasara. Subiri bando la usiku, au nakili folda nzima kwa diski ya nje kutoka kwa mwenzako aliyekwisha kuishusha, kisha uiache programu ya kuanzishia ikague mafaili na kuongeza yaliyopungua. Pambano lenyewe linakula data kidogo. Kinachomeza bando ni masasisho, na huja mara kwa mara. Angalia pia mipangilio ya programu hiyo ya kuanzishia: ina uwezo wa kugawa mafaili yako kwa wachezaji wengine duniani. Zima hiyo. Hakuna sababu ya bando la mtu wa Makanyagio kumshushia gemu mtu asiyemjua.

Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 inaweza kuikokota gemu hii, ila 8 ndiyo inayokupa utulivu. Ikiwa kompyuta ni dhaifu, usikimbilie kupunguza ukubwa wa picha. Punguza vivuli, majani na moshi kwanza. Kwa mwenye kifaru, picha hafifu ni kero tu. Kwako ni upofu, kwa sababu ndege iliyo kilomita mbili ni kinukta kimoja, na kinukta hicho ndicho cha kwanza kupotea picha inaposhushwa. Umeme nao si wa kusahau. Mpanda iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, ndipo ukaja mradi wa njia ya kilovoti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Mwenye kompyuta ya mezani na awe na UPS, hata ndogo. Mwenye kompyuta mpakato achomeke ruta yake kwenye UPS hiyo, maana kompyuta itabaki na betri lakini ruta ikizima na pambano limekwisha.

Sasa mtandao, ambao ndio unaoamua namna utakavyocheza. Wachezaji wanaupima kwa pingi, yaani muda ambao taarifa inachukua kutoka kwako hadi kwenye seva na kurudi. Kutoka Mpanda hadi katikati ya Ulaya ni kama kilomita 6,600 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya waya wa fiba hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hata kama waya ungenyooshwa moja kwa moja kutoka soko kuu la Mpanda, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 66. Waya haukunyooshwa hivyo. Taarifa yako inasafiri kwanza zaidi ya kilomita elfu moja hadi Dar es Salaam, inaingia baharini kwenye kebo kama SEACOM iliyoanza kazi 2009 au EASSy ya 2010, inazunguka bara, ndipo inafika. Pingi ya milisekunde 200 kwa mtu wa huku ni kitu cha kawaida, na siku kebo zikiharibika, kama zilivyokatika SEACOM na EASSy kwa pamoja tarehe 12 Mei 2024, hata ujumbe wa simu unatambaa, sembuse gemu.

Milisekunde 200 zinaonekana si kitu. Lakini ndege inayokwenda kilomita 500 kwa saa inasogea mita 28 ndani ya muda huo, karibu urefu wa ndege tatu zikifuatana. Gemu hujaribu kufidia, ila haifidii yote, na mtandao wa simu unaopanda na kushuka ni mbaya kuliko ulio mzito lakini umetulia. Ndiyo sababu ushauri mwingi unaotolewa na mabingwa wa Ulaya haumfai mchezaji wa Katavi. Wao wanaweza kupiga ndege inayokatiza mbele yao kutoka kushoto kwenda kulia. Wewe tafuta ndege inayokujia usoni au inayokuacha kisogoni. Ndege ya namna hiyo inabaki karibu pale pale kwenye darubini yako hata ikichelewa kwa milisekunde 200, kwa kuwa inasogea kwa kufuata mstari wa risasi zako. Karibu kila ninachokisema chini hapa kimetoka kwenye jambo hilo moja.

Tukija kwenye magari yenyewe, yale mepesi ya matairi yapo ya namna nyingi. Wasovieti wana lori la GAZ-AAA lenye bunduki nne za Maxim zilizofungwa pamoja. Ni la mwanzo kabisa na linafundisha vizuri kwa sababu halisamehe. Waingereza walipewa na Marekani gari la Staghound lenye bunduki mbili za milimita 12.7 ndani ya mnara mdogo. Waitaliano wana R3 T20, kigari kidogo cha Oto Melara chenye mzinga wa milimita 20, kinachokimbia kama kilomita 120 kwa saa barabarani. Wachezaji wanakichukia kinapokuwa upande wa adui. Kisha kuna magari mawili kutoka Afrika yetu hii, Ystervark na Bosvark, yote ya jeshi la Afrika Kusini.

Bosvark lina kisa. Mzinga wake ni ZU-23-2, mitutu miwili ya milimita 23, mali ya Kisovieti iliyoanza kutumika mwaka 1960. Makaburu waliiteka mizinga hiyo Angola, wakaifunga juu ya malori yao ya SAMIL 100. Kwa hiyo kijana wa nchi iliyokuwa na makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, nchi iliyowapa wapigania uhuru kambi ya Kongwa, anaendesha kwenye skrini gari la jeshi ambalo wapigania uhuru hao walikuwa wakipigana nalo. Sisemi asiliendeshe, ni gari zuri. Ila ajue amekaa kwenye kiti cha nani. Mzinga huo huo wa ZU-23 ndio unaoonekana juu ya pikapu katika vita vya Somalia na kwingineko, na huko kazi yake kubwa imekuwa kuwapiga watu walio chini, si ndege.

Kabla ya kuingia na gari jipya, lifanyie majaribio kwenye uwanja wa mazoezi. Angalia mambo matatu. Linarudi nyuma kwa kasi gani? Malori mengi yanarudi nyuma kwa kujivuta, na hilo linaweza kukuua. Mtutu unashuka hadi wapi na unazungukia wapi? Mizinga mingi iliyo juu ya lori haiwezi kushuka juu ya kabini, kwa hiyo mbele yako kuna pembe usiyoweza kuipiga. Na sanduku la risasi linadumu muda gani? Sanduku la ZU-23 lina risasi 50, na mtutu mmoja hutema kama 1,000 kwa dakika. Ukishikilia kitufe, sekunde tatu tu umebaki mtupu, na kupakia upya kunachukua muda ambao rubani anautumia kugeuka na kukurudia.

Majibu ya maswali mawili ya kwanza yanakupa namna ya kuegesha. Dereva wa bodaboda anayesubiri abiria stendi huegesha pikipiki ikitazama barabarani. Egesha hivyo: kabini ielekee njia ya kutokea, bodi lenye mzinga lielekee upande ambao adui anatokea. Hapo mtutu una uwanja wote, na hatari ikija hubanwi na gia ya kurudi nyuma. Weka ukuta au mteremko kati yako na vifaru vya adui, kwa maana kifaru ndicho kinachokuua mara nyingi zaidi kuliko ndege. Huhitaji hata ganda likupige. Likilipuka karibu na gari lisilo na paa, watu wote waliomo wanakwenda. Miti usiitegemee sana. Inakuficha kwa rubani, lakini pia inakufichia rubani, na mtutu wako unakuwa unakata matawi.

Kuhusu mahali pa kukaa, wengi wanakosea kwa kujichimbia nyuma kabisa, karibu na pale magari yanapoingilia uwanjani. Kutoka huko kila ndege inakatiza mbele yao kwa mbali, yaani shabaha ile ile niliyosema mtu wa pingi kubwa aikwepe. Fungua ramani ujiulize rubani wa adui anataka nini. Anataka kundi la vifaru vyenu lililokusanyika kwenye eneo linalogombaniwa. Anatokea upande wake wa ramani, ananyoosha kuelekea kundi hilo, anashusha pua, anaachia bomu, anainuka. Huo ni mstari, nao unaweza kuuchora kichwani kabla hajafika. Kaa juu ya mstari huo, mita 150 au 200 nyuma ya kundi, kando ya nyumba au mwamba. Akiwashambulia wenzako, pua yake inakuelekea wewe bila yeye kukusudia. Akiinuka, anapita juu yako na kukupa mkia. Umepata shabaha mbili za mstari mmoja ndani ya sekunde chache, na hukulazimika kuikimbiza hata moja.

Utamjuaje anakuja? Kwa masikio. Vaa vipokea sauti, zima injini ya gari kwa kitufe cha I, sikiliza. Muungurumo wa ndege unasikika kabla kinukta hakijaonekana, na unasikika vizuri zaidi injini yako ikiwa kimya. Shikilia C utazame pande zote bila kuuzungusha mzinga. Tumia darubini kwa kitufe cha B unapotaka uhakika. Kisha washa injini. Wapo wanaosahau kuiwasha, na bomu linawakuta palepale.

Tukija kwenye kulenga, hesabu kidogo itakuokolea risasi nyingi. Risasi ya milimita 20 inatoka mtutuni kwa mita 800 hadi 1,000 hivi kwa sekunde, na kasi inapungua kadiri inavyokwenda. Chukulia inafika mita 1,000 kwa sekunde moja na robo. Ndege ya kilomita 500 kwa saa inakata mita 139 kila sekunde, kwa hiyo ikiwa inakatiza mbele yako, utatakiwa kulenga mita 174 mbele ya pua yake. Ndege kama Messerschmitt Bf 109 ina urefu wa mita 9 hivi. Ni kama ndege 19 zikifuatana. Nani anaweza kukadiria hivyo kwa jicho? Ukikosea kwa sehemu moja tu ya kumi, risasi zimepita mita 17 pembeni. Sasa isubiri hadi mita 500. Risasi inafika kwa sekunde 0.6 hivi, unalenga mita 83 mbele, na kosa lile lile la sehemu ya kumi ni mita 8, chini ya urefu wa ndege yenyewe. Ukirusha mfululizo mfupi unaotawanyika kidogo, utaigusa.

Kusubiri ndiko kugumu. Kidole kinawasha. Lakini risasi zenye mwanga unazorusha kutoka mita 1,500 hazimwangushi mtu. Zinamwonyesha rubani ulipo, na ramani yenu ina rubani mmoja mwenye roketi anayefurahia kupata anuani. Kanuni ninayoishika: usifyatue hadi uweze kutofautisha mabawa na mwili. Kisha risasi kumi hadi kumi na tano, tazama zinapita wapi, rekebisha, kumi nyingine. Ndege inayokujia moja kwa moja inahitaji kulengwa juu kidogo tu ya pua yake. Inayoinuka baada ya kuachia bomu ndiyo tamu kuliko zote, kwa kuwa kadiri inavyopanda inapoteza mwendo, na rubani wake kwa sekunde hizo anatazama nyuma kuona bomu limepiga nini.

Kwenye hali nyepesi ya mchezo, ile ya arcade, alama inaonekana mbele ya ndege kukuonyesha pa kulenga. Ni nzuri kwa kujifunzia, ila ifuate ukijua kwamba inadhani ndege itaendelea kunyooka. Rubani mzuri hanyooki. Kwenye hali ya uhalisia, gari lisilo na rada halipewi alama hiyo, na hesabu ya hapo juu ndiyo utakayobaki nayo.

Ukishafyatua, hama. Haijalishi umeangusha ndege au hukuangusha. Matairi ndiyo deraya yako, na gari la matairi lililokaa mahali pamoja baada ya kufyatua halina tofauti na lori lililoharibika. Mita 100 zinatosha, nyuma ya nyumba nyingine, mradi bado uko juu ya ule mstari. Kumbuka tu kwamba tope, theluji na mchanga vinakula mwendo wa matairi kuliko minyororo ya kifaru. Panga njia yako kwenye ardhi ngumu.

Jambo moja lisichezewe: kutambua ndege ni ya nani. Katika Vita vya Kagera, waliokuwa wakilinda anga yetu waliziangusha kimakosa ndege za jeshi letu wenyewe karibu na Musoma. Wale walikuwa askari waliofunzwa, katika nchi iliyokuwa na sababu ya kuogopa anga: mwezi Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kuipiga Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama na kuua swala. Kwenye gemu adhabu ni kukatwa fedha za mchezo na kutukanwa kwa lugha usiyoijua. Tazama alama ya rangi kabla ya kufyatua. Kwenye hali ngumu kabisa, ile ya simulator, alama hazipo, na huko usiingie na mzinga mpaka umejifunza maumbo: injini ngapi, mabawa yako juu au chini ya mwili, mkia una umbo gani.

Dakika za mwanzo za pambano la uhalisia hazina ndege, kwa kuwa mchezaji hulazimika kukusanya pointi kwanza ardhini ndipo aruhusiwe kuruka. Kwa hiyo usichague lori la Maxim kwa kuanzia, utakaa bure. R3 ni tofauti: linaweza kuwahi eneo linalogombaniwa kabla ya kifaru chochote, likalishika, likatoka. Mzinga wa milimita 20 ukiwa na mkanda wa risasi za kutoboa unaweza pia kukipiga ubavuni kifaru chepesi au lori la adui lililo kama lako. Ubavuni, kwa karibu, kisha unaondoka. Usikitazame kifaru usoni hata siku moja. Wenzako wakianza kuangushwa na mabomu, rudi kwenye mstari wako.

Kwa wazazi na wenye vibanda vya kuchezea gemu: Ulaya gemu hii imepewa alama ya kuanzia miaka 12. Damu haionekani, ila gumzo la maandishi ni la watu wazima wa dunia nzima, na linaweza kuzimwa kwenye mipangilio. Gemu ni bure lakini duka lake si bure. Kuna magari yanayouzwa kwa fedha halisi, na R3 likimkamata mtoto atataka lingine la aina hiyo. Usihifadhi namba ya kadi kwenye akaunti anayoitumia. Na kijana asishawishike kuweka humo picha au nyaraka za zana za jeshi lolote ili kushinda ubishi. Mwaka 2021 kuna mchezaji aliyetoa nyaraka za siri za kifaru cha Uingereza cha Challenger 2 kwa sababu hiyo hiyo, na ubishi wenyewe ulihusu kifaru cha kwenye gemu.